Pua Hujifagia Yenyewe: Ukungu wa Maji ya Chumvi Unasaidia Wapi na Unakwama Wapi

Mtu akibanwa na mafua, dawa ya kwanza katika nyumba nyingi za kwetu ni sufuria. Maji yanachemshwa, chumvi inatiwa ngumi nzima, majani ya mchaichai au mkaratusi yanafuata, kisha mgonjwa anajifunika blanketi na kuvuta. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa UVIKO-19, nyungu zilipigwa Tanzania kila kona. Lakini chumvi ile haipandi na mvuke. Aliyewahi kuona mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, au yale ya Gongoni kaskazini mwa Malindi, hahitaji kuelezwa zaidi: maji ya bahari yanaachwa juani, maji yanapaa, chumvi inabaki. Sufuriani mambo ni yale yale. Anayejifukiza anavuta mvuke wa maji matupu wenye harufu ya majani, na chumvi yote anaimwaga mwishoni.

Ukungu ni kitu kingine. Ili chumvi ifike puani, maji yenyewe lazima yavunjwevunjwe yawe matone madogo yanayobeba chumvi ndani yake. Kuna pampu ya kichupa cha spreyi, kuna hewa ya shinikizo ya nebulaiza, ile mashine ya hospitali ya kuvutia dawa kwa barakoa, kuna mitetemo. Njia ya zamani kuliko hizo ipo Ciechocinek, Poland, ambako tangu karne ya 19 zimesimama kuta za mbao zenye kimo cha karibu mita 16, na zikiunganishwa urefu wake unapita kilomita moja na nusu. Maji ya chumvi yanachuruzika juu ya vifurushi vya matawi ya miiba, upepo unayapasua, na wagonjwa wa kifua na pua hutembea kando yake wakivuta hewa. Kuta hizo zilijengwa kwa ajili ya kutengeneza chumvi. Wavuta hewa walikuja baadaye.

Tofauti ya mvuke na ukungu tunaisisitiza kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapo. Mvuke wa sufuria umechoma watoto wengi, na tafiti za hewa ya moto yenye unyevu kwa mafua ya kawaida hazijaonyesha faida inayoweza kutegemewa. Ukungu wa maji ya chumvi, kwa upande wake, una ushahidi, ila ushahidi huo ni wa kazi moja mahususi: kulowanisha. Anayeutarajia uoshe au uzibue atakata tamaa, na akishakata tamaa ataongeza chumvi, ataongeza joto, ataongeza idadi ya mipulizo, mpaka aumize kile kile kilichokuwa kinamsaidia. Kwa hiyo tuanze na hicho kinachosaidia.

Ukiacha sehemu ya mbele ya pua yenye vinyweleo vinavyoonekana kwa macho, sehemu kubwa ya ndani imetandazwa seli ambazo kila moja ina vijinywele karibu 200. Wataalamu wanaviita silia. Kijinywele kimoja kina urefu wa mikroni 5 hadi 7 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani ukivipanga zaidi ya 140 kichwa kwa mkia ndipo unapata milimita moja. Vinapiga mara 10 hadi 15 kila sekunde, vyote kuelekea upande mmoja: vinakwenda vikiwa vimesimama wima na kurudi vimelala, kama mkono wa mtu anayepiga kafi. Juu yake kuna utando wa tabaka mbili. La chini ni majimaji mepesi, kina chake kikilingana na kimo cha vijinywele. La juu ni ute unaonata, na humo ndimo vumbi, chavua, bakteria na virusi vinamonasa. Ncha za vijinywele zinagusa ute huo kidogo tu na kuusukuma nyuma, karibu milimita 5 au 6 kwa dakika, hadi kwenye koromeo, ambako tunaumeza bila kujua. Ute wa pua hubadilishwa hivyo kila dakika 10 hadi 20, usiku na mchana. Kinachomezwa kinakutana na asidi ya tumbo, kwa hiyo mzazi asiwe na hofu mtoto anapomeza makamasi.

Lugha yetu imetupa maneno mawili yanayofaa hapa, ute na makamasi. Ute ni ule utando unaofanya kazi. Makamasi ni ute uliozidi, ukaganda, au ukakosa wa kuusukuma. Anayepenga makamasi kutwa si lazima awe na pua inayotengeneza ute kupita kiasi. Mara nyingi ni ufagiaji uliokwama.

Ufagiaji huo una njia zake maalumu. Walter Messerklinger, daktari wa Graz, Austria, alionyesha katika karne iliyopita kwamba ndani ya sainasi, yale mapango ya mifupa ya uso, vijinywele husukuma ute kuelekea kwenye tundu moja la asili. Kwenye sainasi ya shavu tundu hilo liko juu, kwa hiyo ute unapandishwa mlima. Hata daktari akitoboa tundu jingine chini, ute unalipita na kuendelea kupanda kwenye njia yake ya kale. Ugunduzi huo ulibadilisha upasuaji wa sainasi, ukawa wa kulifungua tundu la asili. Nasi unatufundisha jambo la kila siku: ukikuta maumivu ya shavu na paji la uso, kilichoziba ni mlango wenye upana wa milimita chache, na mlango huo uko mahali ambapo mpulizo wa spreyi kwa kawaida haufiki.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo penye jibu. Eneo la ndani ya pua, pande zote mbili, ni kama sentimita za mraba 150 hadi 160. Utando wa majimaji unaolifunika una unene wa mikroni 10 hadi 15 hivi. Ukizidisha, unapata mililita 0.15 hadi 0.24 kwa pua nzima, au karibu mililita 0.1 kwa upande mmoja. Na mpulizo mmoja wa spreyi ya kawaida hutoa kiasi gani? Karibu mililita 0.1. Maana yake, mpulizo mmoja unaingiza majimaji yanayokaribia ujazo wa utando wote wa upande ule. Kwa kulowanisha hicho ni kiasi kikubwa: tabaka la chini lililokauka linapata maji, ute ulioganda unalainika, vijinywele vilivyokuwa vimenaswa vinapata nafasi ya kupiga. Kwa kuosha hicho si kitu. Kuosha pua kwa chupa hutumia mililita 200 hadi 250, ambazo ni sawa na mipulizo isiyopungua 2,000. Na kwa kuwa utando unabadilishwa kila dakika 10 hadi 20, ule unyevu uliouongeza nao unafagiliwa ndani ya muda huo. Ndiyo sababu mpulizo mmoja asubuhi na mwingine usiku haumfai mwenye mafua makali. Anahitaji kupuliza mara nyingi zaidi, kidogo kidogo.

Jaribio kubwa lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2024 linaendana na hesabu hiyo. Watu zaidi ya 13,000 waligawanywa katika makundi. Waliopewa spreyi ya maji ya chumvi waliambiwa waanze kuitumia wanapohisi dalili za kwanza, hadi mara 6 kwa siku. Walipougua, siku zao za ugonjwa kwa wastani zilikuwa 6.4, ilhali za waliopata huduma ya kawaida zilikuwa 8.2. Matumizi ya antibiotiki nayo yalipungua. Kwetu sisi hilo la antibiotiki ndilo zito kuliko yote. Mafua ni ya virusi, antibiotiki haziyagusi, na bado kila siku watu wanatoka maduka ya dawa na vidonge vya amoksilini kwa ajili ya pua inayotiririka. Kichupa cha maji ya chumvi kingetangulia kutolewa.

Kwa sainasi sugu, zile za wiki 12 na zaidi, picha inageuka. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha spreyi na uoshaji wa maji mengi kwa watu wazima 127 kwa wiki 8. Waliokuwa wakiosha walipata nafuu kubwa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jiulize pua yako ina shida gani. Ukavu, mafua ya siku mbili tatu, vumbi la safari, hewa ya kiyoyozi ofisini: ukungu unatosha. Makamasi mazito ya muda mrefu, magamba baada ya upasuaji, chavua na vumbi vilivyojaa kwa mwenye mzio: huyo anahitaji maji mengi.

Turudi kwenye chumvi yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapojiumiza. Kiwango cha kawaida cha maji ya pua, asilimia 0.9, ni gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji. Kiwango hicho kinalingana na majimaji ya mwili, hivyo seli hazinyonywi maji wala hazivimbi. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 kwa lita, takriban mara nne. Zile spreyi za maji ya bahari za matumizi ya kila siku huwa zimezimuliwa hadi kukaribia 0.9, kwa hiyo asitokee mtu akaenda ufukweni kujichotea. Zipo pia za asilimia 2 hadi 3, zinazovuta maji kutoka kwenye ngozi laini iliyovimba na kuyaleta juu kwenye utando. Uvimbe unapungua, tabaka la chini linaongezeka kina, ufagiaji unakwenda kasi. Mwaka 1997 jaribio dogo la watu 21 lilipima kasi hiyo kwa sakarini, ile poda tamu. Unaiweka chembe puani na kuhesabu dakika hadi mtu ahisi utamu kooni. Pua yenye afya huchukua chini ya dakika 20, na zikizidi 30 kuna hitilafu. Maji ya chumvi nyingi yalipunguza muda kwa takriban dakika 3. Ya asilimia 0.9 hayakuupunguza kwa maana yoyote.

Mtu akisoma hapo atasema basi chumvi ikizidi ndiyo bora. La hasha. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi waliloweka vijinywele hai maabara katika maji ya chumvi ya viwango mbalimbali. Katika asilimia 7 vilisimama ndani ya dakika 5, vikaanza tena vilipooshwa kwa 0.9. Katika asilimia 14.4 vilisimama moja kwa moja. Hata ile 0.9 ilivipunguzia kasi kiasi. Matokeo haya hayapingani na yale ya 1997 kama yanavyoweza kuonekana. Maabara vijinywele vimezama katika maji yale yale. Puani mpulizo unachanganyika na utando, unavuta maji kutoka kwenye ngozi, unazimuliwa na kufagiliwa ndani ya dakika chache. Katika asilimia 2 hadi 3, faida ya maji yanayovutwa inaishinda hasara ya kijinywele kuchoka. Ukipita hapo mizani inageuka. Ushauri wetu ni 0.9 kwa matumizi ya kila siku, 2 hadi 3 kwa siku chache pua inapokuwa imevimba, na zaidi ya hapo asiguse mtu bila daktari.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona hospitalini hutumika maji ya chumvi ya asilimia 7? Hiyo ni ya mapafu, kwa ugonjwa wa kurithi unaoitwa saistiki faibrosisi, ambao ute wake ni mzito kama gundi. Australia wagonjwa waliokuwa wakicheza na mawimbi baharini walionekana kuwa na mapafu mazuri kuliko wenzao. Kutokana na hilo na kazi nyingine za maabara likaja jaribio lililochapishwa mwaka 2006, la mililita 4 za asilimia 7 kwa nebulaiza, mara mbili kwa siku, kwa wiki 48. Lilipunguza mashambulizi ya kifua. Lakini wagonjwa walitangulia kupewa dawa ya kupanua njia ya hewa, kwa sababu chumvi nyingi ikifika mapafuni hubana kifua. Mwenye pumu anayejitengenezea maji ya asilimia 3 na kuyatia kwenye nebulaiza nyumbani anacheza na roho yake.

Na nebulaiza, hata ikitiwa 0.9, si chombo cha pua. Matone yaliyozidi mikroni 10 hubaki puani karibu yote. Spreyi ya pampu hutoa matone ya mikroni 20 hadi 100. Nebulaiza ya kawaida imetengenezwa kutoa matone ya mikroni 1 hadi 5 ili yaipite pua na kushuka kifuani. Kumvalisha mtoto mwenye makamasi barakoa ya nebulaiza ni kumlowesha mapafu wakati tatizo liko juu. Matone machache ya maji ya chumvi kwa kichupa cha shilingi chache yanafanya kazi zaidi.

Anayetaka kutengeneza mwenyewe apime vizuri. Chumvi laini ya mezani, kijiko cha chai kilichosawazishwa, ina uzito wa karibu gramu 6. Kwa nusu lita ya maji unahitaji gramu 4.5, yaani robo tatu ya kijiko. Ukitumia chumvi ya mawe kijiko kitakudanganya, maana chembe kubwa huacha nafasi katikati. Tumia mizani ya jikoni. Robo kijiko ya soda ya bikaboneti inapunguza mchomo. Hapa angalieni sana: magadi ya kulainishia maharage ni makali zaidi na hayafai puani, na unga wa kuumulia keki una asidi ndani yake na utatoa povu. Chumvi ya mezani Kenya na Tanzania hutiwa madini joto kwa mujibu wa sheria, na wapo ambao pua zao huwashwa nayo, ingawa wengi haiwasumbui. Ikikuwasha, nunua vichupa vidogo vya sailini, yaani maji ya chumvi, ya 0.9 duka la dawa, lakini soma lebo herufi kwa herufi: iwe kloridi ya sodiamu, 0.9. Vya kloridi ya potasiamu na vya maji ya sindano yasiyo na chumvi hufanana navyo sana kwa umbo.

Maji ya kujitengenezea ni ya kuoshea, na yatumike ndani ya saa 24. Usiyatie kwenye kichupa cha spreyi ukakaa nacho wiki tatu. Kila unapoachia pampu ya kawaida, hewa inarudi ndani pamoja na kilichokuwa kwenye ncha, na maji yako hayana kihifadhi. Kichupa cha zamani cha dawa ya kuzibua pua ndicho kibaya kabisa, kwa kuwa mabaki ya dawa yanaendelea kutoka. Spreyi za kiwandani zinatatua tatizo hili ama kwa vali isiyoruhusu hewa kurudi, ama kwa kihifadhi, mara nyingi benzalkoniamu kloridi. Maabara kihifadhi hicho kimeonekana kudhuru vijinywele, ingawa kwa watu walio hai matokeo yanatofautiana. Anayetumia kila siku kwa miezi achague isiyo nacho.

Kupuliza kwenyewe kuna namna yake. Watu huinua kichwa kama wanaotia dawa ya macho, maji yanashuka moja kwa moja kooni na kazi imeishia hapo. Inamisha kichwa mbele kidogo. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio na si ukuta wa katikati; ukuta ule ukipigwa kila siku mahali pamoja hukauka, hupasuka na kutoa damu. Ingiza ncha nusu sentimita, puliza mara mbili au tatu, vuta hewa polepole kama unayenusa ua. Ukivuta kwa nguvu kuta laini za mbele zinajifunga. Subiri dakika mbili tatu ute ulainike, ndipo upenge, tundu moja moja, kwa upole. Kupenga kwa nguvu huku umebana matundu yote kunaweza kusukuma makamasi yenye vijidudu kuelekea kwenye sainasi. Kama una dawa ya steroidi ya pua, ile ya kupunguza uvimbe, tanguliza maji ya chumvi, ngoja dakika 10 hadi 15, kisha puliza dawa. Ukigeuza utaratibu huo unaifagia dawa uliyoinunua kwa gharama.

Uoshaji wa maji mengi unataka uiname juu ya sinki, mdomo wazi, ukisema "ka, ka, ka" ili kaakaa laini lipande na kuzuia maji kuingia kooni. Nusu ya maji tundu hili, nusu lile. Maji yawe vuguvugu. Baridi huvipunguza kasi vijinywele na huuma. Masikio yakiziba au yakiuma, punguza nguvu ya kubana chupa, na kama sikio lina maambukizi acha kabisa. Usishangae saa moja baadaye unapoinama kufunga viatu na maji yakachuruzika: yalikuwa yamejificha kwenye mapango. Chupa ioshwe kwa sabuni na maji salama kila baada ya matumizi, ikaushwe mdomo chini, na ibadilishwe kila miezi mitatu, maana bakteria huota ndani yake.

Kuhusu maji hatuna mzaha. Kuna amiba iitwayo Naegleria fowleri inayoishi katika maji yasiyo ya chumvi yenye uvuguvugu. Ukiyanywa haikudhuru. Yakipanda juu kabisa ya pua, hupita kwenye mishipa ya harufu na kuingia kwenye ubongo, na karibu kila anayeipata hufa. Ni nadra sana. Hata hivyo mwaka 2011 watu wawili jimboni Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba, na mjini Karachi, Pakistan, wapo waliokufa bila kuwahi kuogelea, maji ya udhu yakatajwa miongoni mwa vyanzo. Kwa hiyo maji ya kuosha pua yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja, na kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, kama Eldoret au Nyahururu, dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kwa joto dogo. Kisha yapoe. Kuyachuja kwa kitambaa hakusaidii.

Waislamu hupandisha maji puani katika udhu, na ni usafi mzuri wa sehemu ya mbele. Maji yanayovutwa kwa kiganja hayaendi mbali kama yanayosukumwa kwa chupa. Lakini penye maji ya tangi la juu ya paa yaliyopata moto wa jua na hayana klorini, kuvuta kwa upole kunatosha. Mafundisho yenyewe yanamtaka aliyefunga asizidishe kupandisha maji, kwa hiyo kuvuta taratibu si jambo geni.

Kuna vitu viwili vinavyouzwa sambamba na maji ya chumvi ambavyo havifanani nayo. Cha kwanza ni mentoli, iwe ya kupaka au ya kunusa. Inaamsha mishipa inayohisi baridi, ubongo unaamini hewa inapita, ilhali ukipima njia ya hewa ni ile ile. Inaliwaza, hilo hatulikatai, lakini haifagii kitu. Cha pili ni matone ya kuzibua pua, ya zailometazolini au oksimetazolini. Haya yanabana mishipa ya damu na pua inafunguka ndani ya dakika. Yakitumika zaidi ya siku 3 hadi 5, mishipa inazoea, na dawa inapoisha nguvu pua inavimba kuliko awali. Mgonjwa anapuliza tena. Wako watu wenye kichupa hicho mfukoni kwa miaka wakidhani wana sainasi. Kujinasua kunawezekana kwa kuacha tundu moja kwanza, huku maji ya chumvi na steroidi ya pua vikishika nafasi, na wiki ya kwanza ni ngumu kweli.

Ukungu wote huu unategemea kuwepo kwa vijinywele. Moshi wa sigara na wa kuni unavidhoofisha, na anayepika kwenye jiko lisilo na bomba la moshi anapambana na tatizo hilo kila jioni. Virusi vya mafua huviangusha, na kuota upya huchukua wiki kadhaa, ndiyo maana makamasi yanabaki baada ya homa kuisha. Wapo pia waliozaliwa na vijinywele visivyopiga. Manes Kartagener alieleza mwaka 1933 wagonjwa wenye sainasi mbovu, mapafu yaliyoharibika na moyo upande wa kulia. Ni mwaka 1976 ndipo Björn Afzelius wa Sweden alipoonyesha kwamba chanzo chake ni vijinywele vyenye kasoro. Mtu wa namna hiyo ukilowanisha ute wake hakuna wa kuusukuma. Kwake maji lazima yawe mengi, yafanye kwa nguvu za mkondo kazi ambayo vijinywele vimeshindwa.

Watoto wachanga hutegemea pua kuvuta hewa katika miezi ya mwanzo, na pua ikiziba hawanyonyi. Tone moja au mawili ya 0.9 kila tundu, dakika 10 hadi 15 kabla ya kunyonyesha, mtoto akiwa amelala chali. Subiri dakika moja, kisha nyonya makamasi kwa mpira maalumu, ukiubana kabla ya kuuingiza na kuuachia polepole ndani. Usirudie mara nyingi kwa siku, kwa sababu mpira wenyewe unakwaruza na kuvimbisha. Mafuta ya kupikia, maziwa ya mama, vitunguu na mafuta ya mentoli havina nafasi puani mwa mtoto mchanga.

Mtoto anayetokwa na usaha wenye harufu upande mmoja tu mwangalieni kama hajajitia shanga au punje ya mahindi puani, na asioshwe bali apelekwe hospitali. Maji maangavu kama ya kisima yanayotiririka tundu moja baada ya ajali ya kichwa yanaweza kuwa ya ubongo. Jicho likivimba pamoja na homa na maumivu ya uso, usingoje asubuhi. Na mtu mzima mwenye pua iliyoziba upande mmoja kwa wiki nyingi, inayotoa damu, au yenye uvimbe shingoni pamoja nayo, amtafute daktari wa masikio, pua na koo aangaliwe kwa kamera.